Wimbo Uliokataliwa na Wenyewe

Mashairi ya rapu yanayosimulia maisha ya mtoto aliyekulia kwenye dhiki ya mjini, katikati ya visu, bunduki na dawa za kulevya, yamezoeleka mno hivi kwamba wengi hudhani yalizaliwa pamoja na hip hop yenyewe. Sivyo. Hip hop ilikuwa imetimiza karibu miaka tisa kabla wimbo wa namna hiyo haujatikisa redio, na ulipokuja, vijana waliotakiwa kuuimba waliukataa. Wimbo huo ni "The Message", uliotoka Julai 1982 kwa jina la Grandmaster Flash and the Furious Five. Aliyetunga sehemu kubwa ya maneno yake, Ed Fletcher, ambaye jina lake la kisanii lilikuwa Duke Bootee, alifariki dunia Januari 2021 akiwa na umri wa miaka 69. Ni aibu kwamba mtu wa mchango mkubwa kiasi hicho alizikwa huku mashabiki wengi wa hip hop hawajapata kulisikia jina lake.

Chimbuko la simulizi hizi ni Bronx Kusini, jijini New York. Jeff Chang, katika kitabu chake Can't Stop Won't Stop cha mwaka 2005, anaianza historia ya hip hop kwenye barabara kabla ya kugusa muziki. Kuanzia mwaka 1948, Robert Moses, bwana mkubwa wa ujenzi wa jiji hilo, alipitisha barabara kuu ya Cross Bronx katikati ya mitaa iliyojaa watu. Nyumba zilibomolewa, maelfu kwa maelfu ya wakazi wakahamishwa, na wenye uwezo wakaenda zao vitongojini. Waliobaki, wengi wao Wamarekani weusi, watu wa Puerto Rico na wahamiaji wa visiwa vya Karibi, waliishi kwenye majengo ambayo wenye nyumba hawakuona tena faida ya kuyakarabati. Jiji lilipokaribia kufilisika mwaka 1975, vikosi vya zimamoto vilipunguzwa hukohuko ambako moto ulikuwa jambo la kila usiku. Wako wenye nyumba waliolipa watu wayachome majengo yao ili wavune fidia ya bima. Kati ya mwaka 1970 na 1980, maeneo saba ya sensa katika Bronx yalipoteza zaidi ya asilimia 97 ya majengo yake kwa moto na kutelekezwa. Rais Jimmy Carter alipofika Charlotte Street Oktoba 1977, alitembea kwenye vifusi, mahali palipokuwa na kaya za watu miaka michache tu nyuma.

Magenge yalishika mitaa hiyo. Desemba 1971, Cornell Benjamin wa kundi la Ghetto Brothers, aliyefahamika kama Black Benjie, aliuawa alipokwenda kuwatuliza vijana wa magenge hasimu wasipigane. Kila mtu alitarajia kisasi. Badala yake viongozi wa magenge waliitana kwenye ukumbi wa vijana wa Hoe Avenue wakawekeana mkataba wa amani, na ingawa haukuponya kila kitu, vijana walianza kuvuka mipaka ya mitaa iliyokuwa haivukiki. Bila hatua hiyo ni vigumu kuona jinsi sherehe za mitaani zingewezekana. Agosti 11, 1973, DJ Kool Herc, mzaliwa wa Jamaika, alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake Cindy katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue, tarehe inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa hip hop. Afrika Bambaataa na Grandmaster Flash wakafuata.

Kazi ya MC katika sherehe hizo ilikuwa kuuchangamsha umati: kumsifu DJ, kujisifu mwenyewe, kuitikiza watu. Dhiki iliachwa mlangoni. Sauti za kulia na hali hazikukosekana Marekani, kwani The Last Poets wa Harlem na Gil Scott-Heron walikuwa wakighani juu ya ngoma tangu mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970, na mwaka 1980 Kurtis Blow alirekodi wimbo kuhusu ugumu wa maisha. Hata hivyo soko la rapu lilikuwa la kucheza. "Rapper's Delight" ya mwaka 1979, santuri iliyoipeleka rapu duniani, ni majigambo na utani mwanzo hadi mwisho.

Santuri hiyo ilitolewa na Sugar Hill Records ya Englewood, New Jersey, kampuni ya Sylvia Robinson na mumewe Joe. Sylvia alikuwa mwimbaji wa siku nyingi, mwenye sikio la biashara na ubishi usiokwisha. Fletcher alikuwa mmoja wa wanamuziki wake wa studio, mpiga ala za kugonga, msomi wa chuo kikuu aliyekuwa mtu mzima kuliko vijana wa Bronx aliokuwa akiwasindikiza. Mwaka 1980, mabasi na treni za New York zilipogoma, alikaa kwenye chumba cha chini cha nyumba ya mama yake mjini Elizabeth, New Jersey, akaanza kuandika kuhusu mji unaomchosha mtu mpaka akili inataka kuruka. Katika mistari yake mna vioo vilivyovunjika, panya na mende chumbani, wadai wa madeni, na mtu asiye na nauli ya kuondokea. Mwanzoni aliuita wimbo huo "The Jungle".

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Sylvia aliutaka wimbo uimbwe na Flash na wenzake, kundi lenye jina kubwa katika kampuni yake. Wao hawakuutaka. Flash amekiri hadharani miaka iliyofuata kwamba aliupinga, na sababu zake zinaeleweka: mdundo ulikuwa wa polepole, haukuwa na nafasi hata moja ya yeye kuonyesha ufundi wa mikono yake kwenye santuri, na nani angelipa kiingilio Jumamosi usiku ili akakumbushwe panya aliowaacha nyumbani? Mwaka 1982 Bambaataa alikuwa ametoa "Planet Rock", muziki wa kasi wa kompyuta uliowapeleka vijana mbali kabisa na vifusi. Kwa Furious Five, wimbo wa Fletcher ulikuwa njia ya kujiua kisanii.

Wapo wanaolisimulia tukio hili kana kwamba vijana wale walikosa upeo. Si haki. Mtu aliyelala njaa hahitaji kuimbiwa njaa, na waliokulia Bronx walikuwa wamejenga sanaa nzima ili wapate saa chache za kupumua. Fletcher aliweza kuitazama dhiki hiyo kwa sababu alisimama hatua chache pembeni yake. Ila pembeni huko kusingetosha peke yake, na hapa ndipo Melle Mel anapoingia.

Sylvia hakukata tamaa. Alibembeleza na kushinikiza miezi kwa miezi, na hatimaye mwanakundi mmoja akalegea. Melvin Glover, au Melle Mel, alikuja na ubeti wa mwisho wa wimbo, ambao kwa kweli aliwahi kuurekodi. Ulikuwa umefichwa ndani ya "Superrappin'", santuri ya mwaka 1979 waliyoitoa Enjoy Records, katikati ya dakika nyingi za majigambo ya sherehe, na hakuna aliyeutilia maanani. Unamfuata mtoto tangu kuzaliwa kwenye ufukara: anawatazama wacheza kamari na wauza unga kwa kutamani, anaacha shule, anakaba watu, anafungwa, anadhalilishwa gerezani, na mwisho anakutwa amekufa selo. Ulipowekwa juu ya mdundo wa polepole wa Fletcher na mtayarishaji Jiggs Chase, maneno yaleyale yaligeuka kuwa wasifu kamili wa maisha yaliyopotea. Simulizi ya rapu juu ya kukua mtaani ilipata umbo lake hapo, na marapa wangali wanalifuata.

Anayeusikiliza kwa makini atagundua kwamba sauti mbili tu ndizo zinazochana mistari: Mel na Fletcher. Wengine wanasikika mwishoni, kwenye igizo fupi. Vijana wamekutana kwenye kona ya mtaa, wanasalimiana na kupanga jioni yao. Gari la polisi linafika, maswali yanageuka amri, wanasukumwa ndani, mlango unafungwa. Igizo hilo linaonyesha kukamatwa bila kosa kwa namna ambayo ubeti mwingine wowote ungeshindwa. Ilipopigwa video, beti za Fletcher ziliigizwa na Rahiem wa Furious Five, aliyechezesha midomo juu ya sauti isiyo yake. Kwa hiyo hata waliouona wimbo kwenye televisheni hawakumwona mtunzi wake.

Wimbo huo wa zaidi ya dakika 7 ulifika nafasi ya 4 kwenye chati ya muziki wa weusi Marekani na nafasi ya 8 Uingereza, na wakosoaji waliopiga kura katika gazeti la The Village Voice waliuchagua kuwa wimbo bora wa mwaka. Mafanikio hayo hayakulinusuru kundi. Mwaka 1983 Flash aliishtaki kampuni kuhusu mirabaha na haki ya kutumia jina lake, na wanakundi wakagawanyika kambi mbili. Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza wimbo huo kwenye orodha ya kwanza kabisa ya rekodi zinazohifadhiwa kitaifa, mwaka 2002. Mwaka 2007 Flash na wenzake wakawa kundi la kwanza la hip hop kuingizwa kwenye jumba la heshima la Rock and Roll. Fletcher hakuwamo. Alikuwa amekwisha rudi darasani, akifundisha, na alimalizia kazi yake Savannah State University, Georgia.

Waliofuata wanajulikana. Schoolly D wa Philadelphia mwaka 1985 na Ice-T wa Los Angeles mwaka 1986 walianza kusimulia kwa mdomo wa mhalifu mwenyewe, bila kumlilia. Kokeini ya crack ilikuwa imeingia mitaani na bunduki zimeongezeka. Kundi la N.W.A wa Compton walifika mbali zaidi, hata afisa wa FBI akaiandikia kampuni yao barua ya kulalamika mwaka 1989. Mwaka 1994 Nas, kijana wa Queensbridge, eneo kubwa kuliko yote Marekani la nyumba za kupanga za serikali, alitoa Illmatic, albamu iliyorudisha jicho la mtoto anayetazama mtaa kutoka dirishani. Tupac Shakur alipigwa risasi Las Vegas Septemba 1996, na The Notorious B.I.G. Los Angeles Machi 1997.

Afrika Mashariki haikuchelewa kuipokea namna hiyo ya kusimulia. Mwaka 1997, Kalamashaka, vijana watatu wa Dandora, mtaa wa Nairobi unaopakana na jalala kuu la jiji, walitamba na "Tafsiri Hii". Dar es Salaam, Mr II alipata jina kwa kuieleza hali halisi ya maisha ya vijana, na baada yake Juma Nature akaibeba Temeke mabegani. Kazi hizo zinastahili kuhifadhiwa kwa heshima ileile ambayo Washington imeupa wimbo wa Fletcher.

Katika miaka ya karibuni mashairi hayo yamehamia mikononi mwa polisi na mahakama. London, polisi wameomba video za rapu ya drill ziondolewe YouTube. Georgia, mwaka 2023, jaji aliruhusu mistari ya Young Thug itumike kwenye kesi ya genge dhidi yake, kesi iliyokwisha kwake Oktoba 2024 alipokiri baadhi ya mashtaka na jaji akamwacha huru chini ya uangalizi. California ilikuwa imetunga sheria Septemba 2022 inayomtaka jaji, kabla ya kupokea mashairi kama ushahidi, apime kama yana uhusiano wa kweli na kosa linaloshtakiwa, na kama kuyasoma mbele ya wazee wa baraza kutawajengea chuki ya rangi dhidi ya mshtakiwa.