Twiga wa Nakuru na uainishaji wa wanyama wenye uti wa mgongo

MGENI anayezuru Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru aweza kukutana, katika eneo moja, na makundi yote matano ya wanyama wenye uti wa mgongo yanayofunzwa shuleni: samaki, amfibia, reptilia, ndege na mamalia.

Samaki hupumua kwa matamvua. Amfibia, kama vile chura, huanza maisha majini akiwa kiluwiluwi kisha huhamia nchi kavu. Reptilia wana ngozi ya magamba, ndege wana manyoya, nao mamalia hunyonyesha watoto wao.

Samaki wa Nakuru, kwa kweli, ni wageni. Maji ya ziwa hilo yalikuwa na magadi mengi mno, na tilapia wadogo waliletwa kutoka Ziwa Magadi kuanzia miaka ya 1950 ili wale viluwiluwi vya mbu. Walipoongezeka, wakawavutia mwari, ndege wala samaki, kwa maelfu.

Ugumu wa uainishaji huanza pale macho yanapodanganya. Pimbi anayeota jua kwenye majabali ya mbuga hiyo hufananishwa na panya au sungura, ilhali jamaa zake wa karibu ni ndovu na nguva wa baharini. Nakuru haina ndovu, lakini binamu yake yupo.

Mamba wa Ziwa Baringo naye huwekwa pamoja na kenge kwa sababu ya magamba. Lakini moyo wake una vyumba vinne kama wa ndege, na ukoo wake uko karibu zaidi na heroe kuliko kenge. Heroe mwenyewe, ndege wa waridi aliyelipa ziwa la Nakuru sifa duniani, kwa muda mrefu alidhaniwa kuwa jamaa ya korongo au ya bata bukini. Uchunguzi wa chembechembe za urithi umeonyesha kwamba aliye karibu naye zaidi ni kibisi, ndege mdogo mpiga mbizi asiyefanana naye hata kidogo.

Hayo yaweza kuonekana kuwa mambo ya wasomi tu. Sivyo kwa twiga.

Mtaalamu wa Uswidi, Carl Linnaeus, alipomwainisha twiga mwaka wa 1758, alimweka katika jenasi moja na ayala. Wataalamu waliofuata walimpa jenasi yake, na kwa muda mrefu twiga wote wa Afrika walihesabiwa kuwa spishi moja yenye jamii ndogo kadhaa.

Utafiti wa chembechembe za urithi uliotolewa mwaka wa 2016 ulipinga hesabu hiyo, na mwaka wa 2025 Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) ukakubali kwamba twiga ni spishi nne. Kenya inazo tatu: twiga wa Kimasai, twiga wa Samburu na kaskazini mashariki mwenye madoa yaliyopangika kama wavu, na twiga wa kaskazini.

Twiga wa Nakuru ni wa kundi hilo la mwisho. Ni wale waitwao twiga wa Rothschild, ambao miguu yao haina madoa chini ya magoti, kana kwamba wamevaa soksi nyeupe. Waliletwa mbugani mwaka wa 1977 kutoka eneo la Soy, magharibi mwa Kenya, ambako mashamba yalikuwa yakimeza makao yao. Mwendo mfupi tu kutoka hapo, huko Naivasha na Hell's Gate, twiga ni wa Kimasai.

Wote wakihesabiwa pamoja, hesabu huwa kubwa na hofu huwa ndogo. Wakitenganishwa, twiga wa kaskazini ndio wachache zaidi kati ya spishi zote nne. Tena kuwachanganya na wa Kimasai katika mbuga iliyozungushiwa ua kungepoteza damu iliyolindwa tangu 1977.

Ndiyo maana maji ya Ziwa Baringo yalipofurika na kuwazingira twiga 9 wa Rothschild kisiwani Longicharo, walivushwa mmoja baada ya mwingine kwa chelezo hadi hifadhi ya Ruko, kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021.