Mbangi na kilimo chake katika mwambao wa Takaungu na Kilifi

Mbangi, kwa jina la kitaalamu Cannabis sativa, ni mmea wa msimu mmoja wa jamii ya Cannabaceae, ambao majani na vishada vya maua yake ya kike vikikaushwa huitwa bangi, na ambao kuulima ni kosa la jinai katika Kenya yote. Makala hii inautazama mmea huo kutoka Takaungu, mji wa kale wa Waswahili ulioko ukingoni mwa hori, yaani mkono wa bahari uingiao bara, kusini kidogo mwa Kilifi na kilomita zipatazo 50 kaskazini mwa Mombasa. Pwani hii haihesabiwi miongoni mwa maeneo makuu ya kilimo cha bangi, kwani kwa kiasi kikubwa imekuwa soko na njia ya kupitishia. Hata hivyo mashamba yake yenye miti, vichaka vyake na misitu yake mitakatifu vinadhihirisha jambo ambalo maelezo mengi hulipita juu juu, nalo ni kwamba mbangi si mmea wa msituni, na kilichouingiza msituni si maumbile yake bali ni sheria ya wanadamu.

Asili ya mbangi ni Asia ya Kati, na tabia yake ni ya mimea inayomfuata mtu: huota vyema jaani, kando ya mazizi na penye udongo uliochimbuliwa na wenye mbolea, mahali ambapo jua halizuiwi na kitu. Ukikulia kivulini hurefuka kwa kulitafuta jua, shina likabaki jembamba na maua yakawa haba. Mtaalamu wa mimea wa Uswidi, Carl Linnaeus, aliuandika kwa jina la sativa mwaka 1753, na mwaka 1785 Mfaransa Jean-Baptiste Lamarck akaupa ule wa India jina la indica, tofauti ambayo wataalamu wangali wanabishana kama ni ya aina mbili au ni ya sura tu. Jani lake ni la vidole vyembamba vitokavyo mahali pamoja, kwa kawaida vitano, saba au tisa, na kila kidole kina kingo zenye meno kama msumeno. Kwa meno hayo linatofautiana na jani la muhogo, ambalo kingo zake ni laini; mgagani nao ni mboga ya pwani yenye majani ya vidole ambayo asiyejua huweza kuishuku kwa mbali. Mimea ya kiume na ya kike huwa mbalimbali: dume hutoa chavua na kufa mapema, na jike hufunga maua yaliyojaa vinyweleo vidogo sana vyenye vichwa vya utomvu, vinavyometameta vikipigwa na jua na kunata vidoleni. Ndani ya utomvu huo ndimo ilimo tetrahaidrokanabinoli, au THC kwa kifupi, kemikali ileweshayo, iliyotengwa kwa usafi nchini Israeli mwaka 1964 na Yehiel Gaoni na Raphael Mechoulam. Humo pia imo kanabidioli (CBD), ambayo haileweshi na ambayo imeingia katika dawa za baadhi ya aina za kifafa.

Mbangi huhesabu urefu wa usiku, na huchanua pale usiku unaporefuka. Huko Ulaya jambo hilo huupa mmea kalenda iliyo wazi, ya kukua kiangazi na kuchanua majira ya vuli ya huko, lakini Takaungu, iliyo chini ya digrii 4 kusini mwa ikweta, tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka haifiki hata nusu saa. Kwa sababu hiyo mbegu za nchi za baridi zikiangukia mwambao huchanua zikiwa bado changa, ilhali mbangi uliozoea ukanda wa ikweta hukua kwa muda mrefu na kuchanua polepole. Kinachouamua msimu hapa si jua bali mvua: masika ya Aprili hadi Juni na vuli ya Oktoba na Novemba, pamoja na unyevu wa bahari ambao huotesha ukungu kwenye maua yaliyoshikana.

Jina lenyewe linaeleza njia uliyopitia. Bangi linahusiana na bhang la Kihindi na bang la Kiajemi, na shina lake ni la Kisanskriti. Nalo ni mojawapo ya maneno mengi yaliyovuka Bahari ya Hindi kwa pepo za kaskazi na kusi pamoja na vitu vyake. Katika pango la Lalibela, Ethiopia, wachimbaji wa mambo ya kale walipata vichwa vya viko vya karne ya 14 vyenye masalio ya mmea huu, yaani kabla tumbaku haijavuka kutoka Amerika. Mtawa wa Kireno João dos Santos, aliyeishi Sofala na pande za Zambezi, alitaja bangue katika kitabu chake kilichochapwa mwaka 1609. Richard Burton, aliyesafiri kutoka Unguja kwenda maziwa makuu kuanzia mwaka 1857, aliukuta ukivutwa njia nzima. Wachukuzi wa misafara walivuta kwa kiko cha maji, chombo ambacho Kiswahili kimekihifadhia msamiati kamili: bori ni kichwa cha kuwekea moto na majani, digali ni mrija unaoteremka kutoka kwenye bori hadi ndani ya kifuu au kibuyu chenye maji, shilamu ni mrija wa kuvutia, na malio ni ile sauti ya maji yanapobubujika. Lugha isiyojua kitu haikipi kila kiungo jina. Pamoja na kuvuta kulikuwa na majuni, kileo kitafunwacho cha bangi au afyuni iliyokorogwa na sukari. Siku hizi kiko kimetoweka na nafasi yake imeshikwa na msokoto wa karatasi, na majina yamekuwa ya mitaani: shada nchini Kenya, msuba, ndumu au cha Arusha nchini Tanzania, ganja kwa Marasta.

Takaungu ilikua baada ya mwaka 1837, Sayyid Said wa Oman na Unguja alipoitwaa Ngome ya Yesu na baadhi ya watu wa ukoo wa Mazrui wa Mombasa wakahamia kaskazini kwenye hori hii na wengine kusini huko Gazi. Katika karne hiyo ya 19 bara yake iligeuzwa mashamba makubwa ya mtama, mahindi na ufuta, yakilimwa na watumwa na mazao yake yakisafirishwa hadi Arabuni. Ardhi iliyolipa ilikuwa ardhi iliyo wazi, na mazao yaliyotajwa ni ya chakula na mafuta. Nyuzi nazo hazikuuhitaji mbangi: kamba za vyombo na nyumba zilisokotwa kwa makumbi ya nazi, na mkonge, ulioletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, ulipofika mwambao wa Kilifi na Vipingo ulichukua kazi yote iliyobaki. Ndiyo maana neno katani, ambalo kwingineko hutumika kwa nyuzi za jamii ya mbangi, kwa msikilizaji wa pwani ni nyuzi za mkonge.

Marufuku ilikuja kutoka nje. Tume ya dawa za bangi ya India, iliyotoa ripoti yake mwaka 1894, ilikuwa imeona kwamba matumizi ya kiasi hayana madhara makubwa na kwamba kupiga marufuku kabisa hakufai. Lakini katika mkutano wa afyuni wa Geneva mjumbe wa Misri, Mohammed El Guindy, alishinikiza hashishi, yaani utomvu wa mbangi, iwekwe chini ya udhibiti, na mkataba wa mwaka 1925 ukaiingiza bangi katika orodha ya kimataifa. Makoloni ya Uingereza yakaufuata, na Mkataba Mmoja wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 ukakaza zaidi. Kwa marufuku hiyo mmea wa jaani ukawa mmea wa kufichwa, na mahali pa kuficha kitu chenye urefu wa mtu na harufu inayosafiri na upepo ni porini.

Sheria inayotumika Kenya ni ile ya kudhibiti mihadarati na dawa zinazoathiri akili, namba 4 ya mwaka 1994. Kifungu chake cha 6 kinastahili kusomwa kwa makini na kila mwenye shamba, kwa sababu hakimtaji mkulima peke yake. Kinamtia hatiani pia mmiliki, mkaaji au msimamizi wa ardhi anayeruhusu itumike kulima, kuchuma au kutengeneza bangi, na adhabu iliyowekwa ni faini ya shilingi 250,000 au mara tatu ya thamani ya mmea, lolote lililo kubwa, au kifungo kisichozidi miaka 20, au vyote viwili. Marekebisho ya mwaka 2022 yalipunguza adhabu ya anayepatikana na bangi ya kutumia mwenyewe hadi kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 100,000, lakini hayakumhalalishia mtu kupanda hata mche mmoja uani. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 nayo inakataza kuotesha msituni mimea itoayo mihadarati.

Katika pwani maneno mmiliki, mkaaji na msimamizi hayaangukii mtu mmoja, na hapo ndipo sheria hii inapokuwa nzito kuliko inavyoonekana. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilisajili sehemu kubwa ya ukanda wa maili kumi kwa majina ya wachache, na Wamijikenda wengi waliokuwa wakilima humo wakaachwa bila hati, hali iliyozaa wale waitwao maskwota. Matokeo yake yanaonekana mpaka leo: shamba la ekari kadhaa lenye minazi iliyozeeka, mikanju, miembe na mivinje ya kuuza nguzo linaweza kuwa na mwenye hati anayeishi mbali, mlinzi anayelala kibandani, familia iliyozaliwa hapo isiyo na karatasi, na majirani wanaopita kutafuta kuni. Miche ikikutwa kichakani, swali la nani aliruhusu ni la ushahidi, na kwa kuwa mwenye hati hayupo, wa kwanza kukamatwa huwa ni yule aliyepo. Haki ingedai upelelezi uanze kwa kuuliza nani alijua na nani alinufaika, wala si nani analala karibu. Mkaaji naye ana kinga moja iliyo bora kuliko zote, nayo ni kutoa taarifa mapema kwa chifu au polisi na kuhakikisha imeandikwa.

Kile ambacho kuficha kunaufanyia msitu kilionekana wazi mwaka 1999, Shirika la Wanyamapori la Kenya lilipouchunguza Mlima Kenya kwa ndege na kukuta, pamoja na ukataji wa miti na uchomaji wa makaa, mashamba ya bangi ndani ya hifadhi. Kwa kuwa mbangi hautaki kivuli, anayeupeleka msituni hana budi kuitoboa dari ya majani: hukata miti mikubwa katikati, akaacha ile ya kingoni iwe ukuta, na kwa mpita njia msitu huonekana mzima ilhali ndani una tundu. Misitu ya pwani haiwezi kuvumilia hasara ya namna hiyo, kwa maana ni vipande vilivyobaki. Arabuko-Sokoke, kilomita kadhaa kaskazini mwa Kilifi, una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420 tu na ndio mkubwa kuliko yote, na kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, zilizoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008 zikiwamo Kaya Kauma na Kaya Giriama, nyingi ni vilima vidogo vinavyolindwa na miiko ya wazee inayokataza kukata hata tawi. Yafaa ieleweke kwamba neno kaya litumiwalo na Marasta kwa maana ya bangi lilitoka Jamaika, na halihusiani kwa vyovyote na makao hayo matakatifu.

Upande wa afya, hatari kubwa ya pwani haikuwa bangi ikiwa peke yake. Tangu heroini, iitwayo unga, ilipoenea Malindi na Mombasa, wengi waliianza kwa kuivuta ndani ya msokoto uliochanganywa bangi na tumbaku, uitwao kokteli, na kutoka hapo wakafika kwenye sindano. Kliniki ya methadoni, dawa inayotuliza arosto, yaani maumivu ya kuikosa heroini, ilifunguliwa Malindi mwaka 2015. Kwa vijana walio chini ya miaka ishirini, ambao ubongo wao bado unakomaa, kuvuta bangi kali kila siku kunahusishwa na ongezeko la hatari ya kuchanganyikiwa akili, hasa penye historia ya ugonjwa huo katika ukoo.

Mjadala wa kulegeza sheria umekuwa wa wazi. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alimwandikia Spika mwaka 2018 akitaka kuleta mswada wa kuhalalisha bangi, akafariki mwaka uliofuata kabla ya kuufikisha mbali. Chama cha Marasta wa Kenya kiliwasilisha ombi Mahakama Kuu mwaka 2021 kikidai haki ya ibada. Na George Wajackoyah, aliyegombea urais mwaka 2022 kwa ahadi ya kuuza bangi nje, alipata kura 61,969. Rwanda iliruhusu kilimo cha bangi ya dawa kwa leseni mwaka 2021, na Malawi ilipitisha sheria yake mwaka 2020. Katika mifumo hiyo mbangi hurudi mahali pake pa asili, kwenye uwanja wazi wenye ua na mlinzi, ukahesabiwa mche kwa mche.

Kenya haijafika huko. Miche ikigunduliwa, polisi huing'oa, huipiga picha na kuihesabu, sampuli hupelekwa kwa Mkemia wa Serikali ili kuthibitishwa, na iliyobaki huteketezwa kwa amri ya mahakama. Uwazi uliokatwa hubaki, na juu ya udongo mwembamba wa miamba ya matumbawe vichaka vya haraka ndivyo vinavyoanza kurudi. Mrihi huchipua kutoka kwenye kisiki ukiachwa bila kuguswa, lakini mbambakofi uliokatwa kwa ajili ya zao la miezi michache huhitaji umri wa mtu mzima ili urejeshe kivuli chake.