Vumbi la Wenela

Wenela, shirika la kukusanya vibarua wa migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, lilichukua vijana kutoka Msumbiji, Nyasaland na hata kusini-magharibi mwa Tanganyika, ambako Wanyakyusa wengi waliitikia mwito wake hadi kukaribia uhuru. Mkataba ulikuwa na mwisho. Ukiisha, mtu anarudishwa kwao. Ninashikilia kwamba kurudishwa huko ndiko kulikozika ulemavu wa maelfu ya wahamiaji na kuwatoa mikononi mwa vyama vya wafanyakazi. Vumbi la mawe likishatulia mapafuni halitoki. Silikosisi, ugonjwa wa vumbi hilo, hukua polepole, mara nyingi mtu akiwa amekwisha kuacha kazi miaka mingi, nayo humfungulia mlango kifua kikuu. Mgonjwa alianza kuhema akiwa shambani kwake, mbali na daktari wa mgodi, mbali na mwajiri, mbali na katibu wa chama.

Wachimbaji Wazungu walivuta vumbi lile lile. Kati ya waendesha mashine za kutoboa miamba 1,377 waliokuwa kazini kabla ya vita vya Waingereza na Makaburu vya 1899, serikali ilikuta 225 wamekwisha kufa kufikia mwanzoni mwa 1902. Wengi katika kazi hiyo walikuwa nao wahamiaji, watu wa Cornwall, Uingereza. Lakini hawa walikuwa na kura, wakawa na chama, na wagonjwa wao waliishi mitaa ile ile ya Johannesburg, wakionekana. Sheria za 1911 na 1912 ziliwapa fidia ya ugonjwa wa mapafu. Mwafrika aliwekwa chini ya sheria nyingine, ya vibarua, akapewa kiasi kidogo cha mara moja, kama alipewa. Mwaka 1924 sheria ya usuluhishi wa kazi ilimwondoa Mwafrika aliyelazimika kubeba kitambulisho cha pasi katika maana yenyewe ya mwajiriwa. Na wachimbaji Waafrika walipogoma Agosti 1946 wakidai shilingi 10 kwa siku, polisi waliwarudisha shimoni kwa nguvu. Kifua cha mtu kilihesabiwa kuwa kimeumizwa na kazi pale tu alipokuwapo wa kumsemea.

Wenye migodi walikuwa na jibu: mikataba mifupi humlinda Mwafrika, maana hupumzika na vumbi kila arudipo nyumbani. Hoja hii ilisimama kwa sababu hakuna aliyewafuata nyumbani. Katika miaka ya 1990 watafiti walipowapima wachimbaji wa zamani wa Thamaga, Botswana, zaidi ya mmoja kati ya wanne alikutwa na ugonjwa wa vumbi. Kumbe takwimu nzuri za migodi zilitokana na kuwaondoa wagonjwa, si na kuwaponya.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo hutoka upande wa wafanyakazi. Chama huishi kwa ada. Kitamteteaje asiyelipa tena? Chama cha wachimbaji, NUM, kilichoundwa 1982, kiliwakumbatia wahamiaji kwa dhati, hata rais wake wa kwanza, James Motlatsi, alitoka Lesotho. Sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo ada ilikatwa kwenye mshahara, na mshahara ukikoma jina hutoka daftarini. Ninaona hapo ndipo penye kosa: ada ilitolewa na mapafu yale yale yaliyokuwa yakiharibika, kwa hiyo deni la chama kwa mtu huyo halikuisha siku ya kuondoka kwake. Mchimbaji wa zamani Thembekile Mankayi alilipwa randi 16,320 kwa kifua chake, na ni kesi yake iliyoifanya Mahakama ya Katiba mwaka 2011 iamue kwamba fidia hiyo haimzuii mchimbaji kuishtaki kampuni. Alifariki siku chache kabla ya hukumu.

Njia hiyo ya mahakama ndiyo waliyopita wachimbaji wengine wa zamani na mawakili wao, hadi makubaliano ya 2018 ya takribani randi bilioni 5 na kampuni sita. Yanawahusu waliofanya kazi kuanzia tarehe 12 Machi 1965. Kufikia tarehe hiyo Tanganyika ilikuwa imekwisha kuifungia mlango Wenela, na vijana ambao shirika hilo liliwachukua huko kabla ya hapo hawamo katika hesabu.