Gulwe na Meli za Abiria

Katika vitabu vingi vya historia ya Afrika ya Mashariki meli imefanywa kuwa mali ya watu wa mwambao. Mwandishi atakaye kueleza habari za vyombo vya majini huanzia Lamu, hupitia Unguja, na huishia Kilwa. Na ageukiapo bara, huiweka chini kalamu ya majini akashika nyingine, ya misafara na reli. Mgawanyo huo humrahisishia mwandishi kazi, walakini hauna haki. Gulwe, katika wilaya ya Mpwapwa, haina bahari, nayo kwa njia ya reli iko mbali na Dar es Salaam kwa zaidi ya kilomita 360. Hata hivyo meli kubwa ya abiria ilipita hapo, na habari za safari za meli katika nchi hizi hazitimii bila ya kupataja mahali kama hapo.

Gulwe iko katika bonde la mto Kinyasungwe, ambao hushuka kutoka uwanda wa kati, huitwa Mkondoa unapoikata milima ya Usagara, na mwisho maji yake huingia Wami na kumwagika katika Bahari ya Hindi. Kabla ya reli misafara ilipita katika nchi hiyo hiyo, kituo chake kikubwa kikiwa Mpwapwa, ambapo wapagazi walipumzika kabla ya kuikabili nchi kavu ya Ugogo. Mwezi wa Desemba 1874 msafara wa H. M. Stanley ulifika Mpwapwa ukiwa na mashua iliyoundwa Uingereza, nayo imegawanywa vipande ili ichukulike mabegani mwa wapagazi. Mashua hiyo iliitwa Lady Alice, nayo ilikuwa njiani kwenda Ziwa Viktoria. Kwa hiyo chombo cha majini kilikuwa kimekwisha kutembea juu ya nchi kavu katika sehemu hizo, yapata miaka arobaini kabla ya jambo kubwa zaidi kutokea.

Jambo lenyewe ni hili. Mwaka 1913, katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, iliundwa meli ya Ziwa Tanganyika. Ilipokwisha kuundwa ilifunguliwa tena, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam, na kutoka hapo ikachukuliwa kwa reli ya kati. Reli hiyo ilianza kujengwa mwaka 1905; ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwezi wa Februari 1914. Mafundi watatu wa karakana ile, mkubwa wao akiwa Anton Rüter, waliifuata meli yao mpaka Kigoma ili kuiunga upya. Tarehe 5 Februari 1915 ilishushwa majini kwa jina la Graf von Goetzen. Huyo alikuwa gavana wa koloni tangu 1901 mpaka 1906, ambaye katika siku zake vita vya Maji Maji vilizimwa kwa bunduki, kwa kuchoma mashamba, na kwa njaa. Jina hilo halikuchaguliwa na watu ambao makasha yalipita mbele ya milango yao.

Yafaa hapa kulitazama neno lenyewe, meli. Watu wa mwambao walikuwa na neno merikebu, lenye asili ya Kiarabu, na vyombo vya mvuke vilipokuja waliongeza sifa tu, wakasema merikebu ya moshi. Meli ni neno jingine. Asili yake ni neno la Kiingereza la barua za posta, nalo lilienea pamoja na vyombo vilivyochukua barua hizo. Mwaka 1872 kampuni ya British India ilianza kuleta chombo cha posta kila mwezi kati ya Aden na Unguja. Basi neno hilo, kwa asili yake, halisemi habari za chuma wala za moshi. Lasema habari za siku iliyowekwa. Jahazi lilingojea kaskazi na kusi, na abiria wake aliuliza upepo. Abiria wa meli aliuliza tarehe. Mabadiliko haya ya swali ni makubwa kuliko mabadiliko ya tanga na dohani, na ndiyo yaliyoweza kusafiri mpaka bara. Gari la moshi nalo lilikuwa na siku yake na saa yake. Na mtu wa Gulwe aliyekaa na mzigo wake kando ya reli akingojea saa hiyo alikuwa amekwisha kujifunza nusu ya adabu za meli, ijapokuwa hajaionja chumvi ya bahari.

Ni ajabu ndogo, lakini yastahili kutajwa, kwamba makampuni ya meli yenyewe yalipenda sana majina ya bara. Kampuni ya Kijerumani ya Deutsche Ost-Afrika Linie, iliyoanzishwa mwaka 1890, ilikuwa na meli iliyoitwa Tabora. Ilizama bandarini Dar es Salaam mwaka 1916 baada ya kupigwa mizinga na Waingereza. British India nao walikuwa na Kampala, ya mwaka 1947, katika njia ya Bombay, na Uganda, ya mwaka 1952, katika njia ya London. Miji na nchi zisizo na pwani ziliandikwa ubavuni mwa vyombo vya bahari, labda kwa sababu bara ndiko kulikotoka pamba na kahawa iliyojaza matumbo yake.

Je, mtu aliyepanda chombo cha namna hii alitazamia nini, na alifurahia nini? Jawabu lategemea daraja lake. Neno daraja, nalo la Kiarabu, lina maana ya kipandio cha ngazi, ya cheo, na ya kivuko kilichojengwa juu ya mto. Na katika meli maana mbili za kwanza zilikutana waziwazi, kwani abiria alipanda ngazi ili afike kwenye cheo alichokinunua. Wa daraja la kwanza alikuwa na chumba chake juu, penye upepo, na ukumbi wa kulia wenye vitambaa vyeupe. Siku yake iliongozwa na mwito wa chakula: chai ya alfajiri iliyoletwa mlangoni, kisha kifungua kinywa, mchuzi wa saa tano, chakula cha mchana, chai ya alasiri, na chakula cha usiku ambacho watu walikivalia mavazi rasmi. Katikati ya nyakati hizo palikuwa na michezo ya sitahani, vitabu, na usingizi wa viti virefu. Meli ilipovuka mstari wa Ikweta, kati ya Aden na Mombasa, palifanywa mzaha wa mfalme wa bahari, na waliovuka kwa mara ya kwanza walipakwa povu na kutoswa katika birika la maji. Toka London mpaka Mombasa zilikuwa yapata siku ishirini, na bandari za njiani, kama Port Said na Aden, zilikuwa sehemu ya raha yenyewe: abiria walishuka asubuhi, wakanunua vitu ambavyo hawakuvihitaji, wakarudi jioni.

Kwa abiria wa sitaha mambo yalikuwa mengine. Katika meli za njia ya Bombay hao walikuwa wengi kuliko wa madaraja mengine yote. Walikuja na matandiko yao, na wengi na vyakula vyao, wakatandika mahali walipopata. Jirani wa usiku wa kwanza alikuwa ndugu wa safari nzima. Palikuwa na majiko mbalimbali, la Wahindu na la Waislamu, ili kila mtu ale bila ya shaka. Hapana vitambaa vyeupe, wala muziki wa kukodiwa. Lakini ni makosa kudhani kwamba hapakuwa na furaha. Palikuwa na mazungumzo, karata, sala za jamaa, na watoto wasiochoka kukimbia. Kazi za chombo zilifanywa na mabaharia wa Kihindi chini ya sarahangi wao, cheo ambacho Kiswahili kilikwisha kukijua zamani katika majahazi. Na afagiaye vyoo aliitwa topasi, neno lililotoka merikebuni likaingia mijini, likakaa huko hata watu wakasahau kwamba lilikuwa la baharini.

Waswahili walisafiri katika vyombo hivi si kama watumishi tu. Amur bin Nasur wa Unguja, aliyefundisha Kiswahili Berlin kuanzia 1891, na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda huko mwaka 1900, walivuka bahari ili kuwafundisha Wadachi lugha. Mwaka 1901 Carl Velten alipiga chapa Safari za Wasuaheli, na ndani yake imo habari ya Salim bin Abakari aliyefika mpaka Urusi na Siberia. Fasihi ya safari katika Kiswahili cha nathari ilizaliwa, kwa sehemu kubwa, na watu waliojua harufu ya makaa ya meli na uzito wa mizigo ya msafara pia, kwani katika mkusanyo huo huo zimo safari za bara. Wao hawakutenga kalamu mbili.

Na tena, kwa msafiri wa zama za kabla ya ndege, njia ilikuwa moja. Aliyeshuka Dar es Salaam akiwa na tikiti ya kwenda Kongo alipanda gari la moshi, akapita Morogoro, Kilosa, Gulwe, Dodoma na Tabora, akashuka Kigoma, akapanda meli ya pili. Katika gari la moshi aliyakuta madaraja yale yale. Hata neno behewa, ambalo asili yake ni ua au ukumbi wa ndani wa nyumba ya pwani, lilipewa kazi mpya ya kutaja chumba kinachotembea, likapita katika nchi ya tembe za Wagogo ambazo nazo zina ua wake.

Ile meli ya makasha haikukaa sana na jina lake la kwanza. Wadachi walipoiacha Kigoma waliizamisha wenyewe, tarehe 26 Julai 1916, baada ya kuzipaka mashine zake mafuta mazito ili zisiliwe na kutu. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakaikuta mitambo yake bado yafaa. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba. Hilo ndilo jina la ziwa ambalo Livingstone alilisikia kwa watu wa kusini yake mwaka 1867, na katika orodha yote ya majina yaliyotajwa hapa ndilo pekee lililotoka katika vinywa vya wenyeji wa maji ambayo chombo kilielea.

Kwa miaka mingi Liemba ilikwenda kutoka Kigoma mpaka Mpulungu, Zambia. Mvuke wake uliondolewa katika miaka ya 1970 ukawekwa mtambo wa dizeli. Raha ya safari yake haikufanana na ile ya London. Vijiji vingi vya kandokando havikuwa na gati. Meli ilisimama mbali na ufuko, ikapiga honi, na mitumbwi ikaizunguka, mara nyingi usiku, imejaa abiria, dagaa, mananasi, na kuku. Mtu alipanda kwa kushikwa mkono, mtoto alipokezanwa juu ya vichwa, na mizigo ilishushwa kwa kelele ambazo mgeni alizidhania ni ugomvi. Wenye vyumba walitoka kutazama. Hapo daraja la kwanza likawa ni la watazamaji, na safari yenyewe ikawa ya walioko chini.

Lakini sitaha haikuwa mahali pa raha sikuzote. Mwaka 1997 Liemba iliwarudisha makwao wakimbizi wa Zaire kwa makumi ya maelfu, na mwezi wa Mei 2015 ilikwenda Kagunga kuwachukua Warundi waliokuwa wamejazana katika ufuko mwembamba kati ya mlima na maji, ikawaleta Kigoma, watu wapatao 600 kwa safari moja. Hao hawakuuliza upepo wala tarehe. Kisha chombo kikachoka. Katika miaka ya mwisho ya muongo huo huduma zake zilisimama, ikabidi kitengenezwe upya.

Gulwe nako njia ilipata kukatika. Mto Kinyasungwe, ambao miezi mingi ya mwaka ni mchanga mtupu, hufurika kwa ghafula wakati wa masika ya uwandani; na mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 mafuriko yaliharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe, madaraja kwa maana ya tatu ya neno hilo. Magari ya moshi yalisimama, na safari ya ziwani ikapungukiwa na mkono wake wa pwani. Reli mpya ya umeme kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma ilizinduliwa mwezi wa Agosti 2024, nayo pia ina stesheni Gulwe. Treni zake hufika kwa saa zilizoandikwa, na tikiti zake huuzwa kwa madaraja.