Sebule zilizomchagua diwani

Mei 2012, Barack Obama alipomvisha mwanaharakati Dolores Huerta nishani ya juu kabisa ambayo raia hupewa na rais wa Marekani, alisema kwa utani kwamba kaulimbiu yake ya kampeni aliidokoa kwa mama huyo. Ukumbi ukaangua kicheko. Sisi wa Afrika Mashariki, tuliozoea kumhesabu Obama kwa upande wa Kogelo, tunasahau kwamba kisiasa ana ukoo mwingine. Kazi aliyoifanya Chicago kuanzia 1985, ya kugonga milango na kukaa na wakazi wa nyumba za serikali za Altgeld Gardens mpaka waibane halmashauri juu ya asbesto iliyokuwa majumbani mwao, ilitoka katika mila ambayo Huerta alijifunza miaka 30 kabla yake. Tawi moja kubwa la mila hiyo lilichipuka Los Angeles, baada ya mtu kushindwa uchaguzi.

Mtu huyo ni Edward Roybal, mwelimishaji wa afya ambaye kazi yake ilikuwa kupambana na kifua kikuu mitaani. Mwaka 1947 aligombea udiwani wa kata ya tisa, akashika nafasi ya tatu. Ndani ya kata hiyo kulikuwa na Boyle Heights, mtaa wa mchanganyiko: watu wa asili ya Meksiko, Wayahudi, Weusi, na Wajapani waliokuwa wakirejea kutoka kambi walizofungiwa wakati wa vita. Tangu 1881 hakuna mtu wa asili ya Meksiko aliyekuwa amekalia kiti katika baraza la jiji hilo. Si kwamba walikuwa wachache. Wengi hawakuwa wamejiandikisha kupiga kura, na wazee wengi, pamoja na kuishi humo miongo kadhaa, hawakuwa raia.

Kamati ya kampeni iliyoshindwa kwa kawaida hufa siku matokeo yanapotangazwa. Huku kwetu tunaijua habari hiyo: ofisi ya kukodi inarudishwa kwa mwenyewe, fulana zinageuka matambara ya kudekia, na aliyekuwa akiitwa mheshimiwa mtarajiwa hapokei tena simu. Kamati ya Roybal iliendelea kukutana. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa imegeuka kuwa chama, Community Service Organization, au CSO. Jina walilolifikiria mwanzo lilikuwa na neno la siasa. Katika Marekani ya wakati ule, iliyokuwa ikimsaka mkomunisti chini ya kila kitanda, wakaona heri waseme huduma.

Hapo ndipo anapoingia Fred Ross. Alikuwa Mzungu mrefu, mkondefu, aliyewahi kusimamia kambi ya vibarua wa mashambani huko Arvin, California. Mshahara wake ulilipwa na taasisi ya Saul Alinsky wa Chicago. Alinsky ndiye aliyepata umaarufu, na vitabu vyake vinasomwa hadi leo. Kwa maoni yangu, Ross ndiye wa kusomwa na mtu anayetaka kujua kazi yenyewe inavyofanyika.

Ross hakupenda mikutano ya hadhara. Mkutano wa hadhara huwaleta wale wale, na anayesema ni yule aliyezoea kusema. Yeye alitaka mkutano wa sebuleni. Familia moja iliombwa kuwaita jirani, shemeji na wafanyakazi wenzao, watu wachache tu, jioni, kwa kahawa na mkate mtamu. Ross aliuliza kinachowasumbua, akanyamaza akasikiliza. Mmoja alisema mtaa hauna taa. Mwingine alisema mwanawe alipigwa na polisi. Mama mmoja alieleza kwamba mvua ikinyesha njia ya kwenda shule haipitiki. Ndipo Ross alipoeleza kwamba mambo hayo yana wenyewe, kwamba kuna ofisa au diwani anayeweza kuyaamua, na kwamba mtu huyo ana sababu ya kumsikiliza mpiga kura kuliko asiyepiga. Kabla ya kuagana alikuwa na swali moja la mwisho: nani atatukaribisha kwake wiki ijayo?

Swali hilo ndilo lililokuwa injini ya chama. Sebule moja ilizaa mbili, na kila mwenyeji aliyekubali alikuwa tayari ameanza kazi, hata kama hakujiita mwanaharakati.

Baadaye ikaja kazi inayochosha. Wanachama waliomba kuapishwa kuwa makarani wa kuandikisha wapiga kura, wakaenda nyumba kwa nyumba, wakizungumza Kihispania na wanaozungumza Kihispania. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na wanawake, na majina yao hayamo katika vitabu vingi. Kufikia uchaguzi wa 1949 walikuwa wameandikisha wapiga kura wapya wapatao 15,000. Roybal aligombea tena na kumwangusha diwani yule yule aliyekuwa amemshinda.

Alipoingia barazani alitambulishwa kama diwani Mmeksiko. Alisahihisha: yeye si Mmeksiko, ni Mmarekani mwenye asili ya Meksiko.

CSO haikujifunga kwenye koti la Roybal. Krismasi ya 1951, polisi wa Los Angeles, wengine wakiwa wamelewa, waliwapiga vijana saba waliokuwa mahabusu, watano kati yao wa asili ya Meksiko. Chama kilishinikiza mpaka jambo likafika kwa wazee wa baraza la mashtaka. Askari wanane walishtakiwa, watano wakatiwa hatiani. Kwa jiji lile, wakati ule, halikuwa jambo dogo.

Mwaka 1952 Ross alifika San Jose, katika mtaa uliobandikwa jina la Sal Si Puedes, yaani "toka ukiweza". Kijana mmoja aitwaye Cesar Chavez alimshuku, kwani wataalamu Wazungu waliokuja kuwahoji maskini alishawaona wengi. Aliwaita rafiki zake sebuleni wamkoroge mgeni huyo. Ishara ingekuwa sigara kuhamishwa kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Sigara haikuhama. Chavez alianza kuandikisha wapiga kura, kisha akawa mtumishi wa chama. Miaka mitatu baadaye Huerta alijiunga huko Stockton, akaishia kutembelea wabunge wa jimbo jijini Sacramento. Mwaka 1961 California ilipitisha sheria ya kuwapa pensheni ya uzeeni wakazi wa muda mrefu wasio raia, moja ya madai ambayo yeye na CSO waliyapigania.

Mafanikio yalikuja na gharama. Kadiri matawi yalivyoongezeka, ndivyo uongozi ulivyozidi kuwa wa watu wenye nafuu ya maisha, na mikutano mikuu ikaanza kufanyika kwenye hoteli nzuri. Chavez alitaka CSO iwaundie vibarua wa mashambani chama cha wafanyakazi. Machi 1962, mkutano wa Calexico ulikataa pendekezo lake, naye akajiuzulu hapo hapo. Mwaka huo huo Roybal alichaguliwa kwenda Bunge la Marekani, na CSO ikaanza kufifia. Chavez alihamia Delano na mkewe Helen na watoto wanane, akaanza kuzunguka mashambani akiulizia nyumba ya kufanyia mkutano.