Kahuzi-Biega: mbuga iliyookoa gorila ikasahau Wabatwa

Mbuga ya Kitaifa ya Kahuzi-Biega, magharibi mwa mji wa Bukavu katika jimbo la Kivu ya Kusini, inabeba majina ya milima miwili: Kahuzi wenye mita 3,308 na Biega wenye mita 2,790. Humo wanaishi gorila wa Grauer, ambao porini hawapatikani popote duniani isipokuwa mashariki mwa Congo. Gorila hao wanajulikana mbali. Namna mipaka ya mbuga ilivyowekwa haijulikani sana, lakini ndiyo inayoeleza kwa nini msitu huu haujapata amani.

Mwaka 1937, wakati wa ukoloni, Wabelgiji waliutenga mlima Kahuzi kuwa hifadhi. Hata hivyo, Wabatwa waliendelea kuishi msituni. Waliwinda, walivuna asali, walichuma dawa na kuzika wazee wao humo.

Tarehe 30 Novemba 1970, chini ya utawala wa Mobutu, hifadhi iligeuzwa mbuga ya kitaifa yenye kilomita za mraba 600. Aliyepigania jambo hilo zaidi ni Mbelgiji Adrien Deschryver. Lakini hakuwafikia gorila peke yake. Wabatwa ndio waliosoma nyayo, majani yaliyovunjwa na mahali gorila walipolala, wakamwongoza. Madume wakubwa kama Casimir na Mushamuka wakazoea kuona watu, na watalii wakaanza kupanda mlima.

Katika miaka hiyohiyo familia za Wabatwa zilifukuzwa msituni. Hazikupewa fidia wala ardhi ya kulima. Nyingi zilibaki kando ya mbuga, zikifanya vibarua katika mashamba ya watu wengine. Mwaka 1975 mbuga ilipanuliwa mara kumi, ikafika kilomita za mraba 6,000 na kushuka hadi misitu ya bonde upande wa Shabunda na Walikale. Vijiji vingi vikajikuta ndani ya mpaka.

UNESCO iliiandika mbuga kati ya urithi wa dunia mwaka 1980. Kisha taabu zikafuatana. Mwaka 1993 majangili walimuua Maheshe, dume aliyekuwa maarufu sana. Mwaka 1994 wakimbizi wengi kutoka Rwanda waliingia Kivu, na kambi zilihitaji kuni. Vita vya 1996 na 1998 vilileta wenye silaha msituni, na bei ya koltani ilipopanda, wachimbaji nao wakaingia. Tangu 1997 mbuga iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Katika sehemu ya milimani, gorila waliohesabiwa mwaka 1990 walikuwa 258. Mwaka 2000 walibaki kama 130. Tembo wa milimani karibu wote waliuawa.

Mwaka 2018 Wabatwa wengi, waliochoka kungoja ahadi, walirudi msituni kwa nguvu. Mapigano na walinzi yakazuka, watu wakafa pande zote mbili. Miti pia ilikatwa kwa wingi, ikageuzwa mbao na makala za kuuzwa. Faida kubwa haikubaki kwa Mbatwa maskini. Ilichukuliwa na wafanyabiashara na watu wenye silaha.

Sheria imeanza kusema jambo lingine. Mwaka 2022 Congo ilipitisha sheria ya kulinda haki za wenyeji hao wa msituni. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu: serikali iwarudishie Wabatwa ardhi yao, iwalipe fidia na kuwaomba radhi.

Wapo wanaoogopa kwamba Wabatwa wakirudi gorila watakwisha, na miti iliyokatwa baada ya 2018 inawapa sababu ya kuogopa. Lakini historia inaonyesha pia kwamba kuwafukuza hakukuzuia majangili, koltani wala makala. Kulimnyima mlinzi jirani aliyeujua msitu kuliko wote, kukamwacha Mbatwa bila la kupoteza. Ardhi, shule na kazi ya ulinzi kwa watoto wa Wabatwa si zawadi. Ni deni la zaidi ya miaka 50, na gorila wa Kahuzi nao wanalilipa.