Mkono wa Daktari Freud

Wengi tunamjua Sigmund Freud wa ndoto na kochi. Mimi hunivutia zaidi Freud wa mwaka 1884: daktari wa Vienna mwenye miaka 28, mfukoni hana kitu, mchumba yuko mbali, anatafuta ugunduzi wa kumtoa. Akaona umetokea. Akaandika makala ya kuisifu kokeini, ambayo wakati huo ilikuwa dawa halali.

Kisha akajipima. Alimeza kokeini, akashika dainamomita, kifaa cha kupimia nguvu za mkono, akaibana na kuandika namba. Matokeo aliyachapisha mwaka 1885: nguvu ziliongezeka. Ila aligundua kwamba hata bila dawa nguvu zake hupanda na kushuka, kufuatana na saa na hali ya moyo. Akahitimisha kuwa kokeini haigusi msuli wenyewe. Humchangamsha mtu kwanza, mkono unafuata.

Kwa mtu asiyejua dopamini, hakukosea sana. Ni mpaka mwaka 1957 ndipo Arvid Carlsson, huko Sweden, alipowarudishia mwendo sungura waliokuwa wameduwaa kwa dawa nyingine, akiwapa L-dopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini. Kemikali hiyo hupeleka ujumbe wa raha, na pia wa kusogea. Ikishafikisha ujumbe hurudishwa kwenye seli ilikotoka. Kokeini huziba mlango huo wa kurudia, dopamini ikarundikana nje. Ndiyo maana baadhi ya watumiaji hutupa mikono na kujinyonganyonga bila kutaka. Picha za MRI nazo zimeonyesha kuwa kwa watumiaji wa muda mrefu, mawasiliano kati ya sehemu za ndani za ubongo na zile za mbele, zinazotusaidia kujizuia, hubadilika.

Lakini mkono ninaoufikiria zaidi si wa Freud. Rafiki yake, Ernst von Fleischl-Marxow, alikatwa kidole gumba baada ya kuambukizwa akipasua maiti. Maumivu hayakwisha, akawa mtumwa wa mofini. Freud alimpa kokeini imwokoe, na katika maandishi yake akaitangaza kuwa tiba ya mofini. Hatimaye Fleischl alitumia zote mbili, akawa anaona wadudu na nyoka wakimtambaa mwilini. Freud alikesha naye usiku mwingi. Alifariki mwaka 1891, akiwa na miaka 45.